Dakika Kumi na Sita

Saa kumi jioni, na Dundee giza tupu.
Mvua inapiga dirisha la jikoni kwa ubavu.
Ishbel anavua koti kwa mkono mmoja,
kwa mwingine anavuta droo ya kikaangio cha hewa,
na kwa sauti anawaamua Struan na Una
wanaogombea kiti kimoja
wakati viti ni vinne.

Haraka haina baraka, walisema waliosema.
Labda hawakurudi kutoka kazini
wakakuta mmoja amelegea kama soksi
na mwingine anatafuna mkono wa sweta.

Basi: viazi, vijiti vya unene wa kidole cha Una.
(Una analeta kidole, kipimwe.)
Karoti mbili, kwa hila, katikati ya viazi.
Mafuta kijiko kimoja.
Kimoja, Struan.
Struan anakibeba, pumzi ameibana,
kama aliyekabidhiwa yai la ndege.
Minofu ya hadoki inaogeshwa kwenye yai bichi,
inagaragazwa kwenye oti zilizosagwa,
na oti nyingine zinabaki kwenye nyusi,
kwenye swichi,
kwenye paka.

Droo, ndani. Digrii mia mbili.
Mashine inaanza kunong'ona peke yake
kama mtu anayetafuta miwani.

Pembeni amekaa Netta, mama yake Ishbel.
Koti hajavua. Haiamini.
"Chipsi bila mafuta," anasema,
"ni mazishi bila chai."

Yeye alikuwa na sufuria.
Nyeusi, nzito, mafuta yake ya mwezi mzima:
usiku yaliganda meupe,
jioni yakayeyuka, yakasubiri viazi.
Chipsi zile mtaa mzima unazikumbuka.
Mtaa mzima unaikumbuka na Ijumaa ile,
simu ilipolia ukumbini
naye akaenda kuipokea, dakika moja tu,
dada yake alikuwa na habari.

Pazia lilitangulia. Kisha kabati.
Kisha Ishbel, miaka sita, akarudi ndani kumfuata mdoli.

Hadi leo kifundo cha mkono wake kinang'aa,
laini kama karatasi ya peremende.
Hawalizungumzi.
Huzungumza bei ya siagi.

Dakika ya nane, mashine inalia: tikisa.
"Mimi! Mimi!" Struan ameshanyoosha mkono,
na Netta yuko wima,
kiti kimeanguka nyuma yake,
"Toka hapo!"

Sauti hiyo haikuwa ya leo.
Hata paka ameijua.
Una anatazama sakafu. Struan ameuficha mkono mgongoni
kama ameiba.

Ishbel haongei.
Anauchukua mkono wa mama yake, wenye mishipa,
anauweka juu ya mgongo wa mashine.
Vuguvugu. Kama ubavu wa mnyama aliyelala.
"Sikiliza," anasema. "Hakuna moto, mama.
Ni upepo tu unaozunguka."
Na mkono unakaa pale muda mrefu
kuliko unavyohitajiwa na mtu anayepima joto.

Droo anaivuta Ishbel mwenyewe.
Mpini, Struan anaushika naye,
wanatikisa pamoja, shaka, shaka, shaka,
samaki wanapangwa juu,
na dakika nane nyingine zinapita
bila mtu kugombea kiti.

Samaki wametoka rangi ya biskuti.
Karoti zimegunduliwa, zimepingwa, zimeliwa.
Moja imeungua ncha. Una anaidai hiyo hiyo,
anasema ina kofia.

Netta anachukua chipsi moja.
Anaigeuza kwenye mwanga kama noti ya kutiliwa shaka.
Anauma. Inalia kidogo, kru.
Watoto wanne macho, hawapepesi.

"Inataka siki," anasema.

Ishbel anainuka kutafuta chupa, upesi,
ameugeuzia ukuta uso wake.
Na nyuma yake Netta, kifungo baada ya kifungo,
kwa vidole vyenye chumvi,
anavua koti.